Debe Moja Nililoliita Kilua Chote

Kibiti, Jumapili baada ya adhuhuri

Shangazi Somoe,

Barua huanza kwa kujuliana hali. Yako naijua. Nilikuwa uani pamoja na wanawake wenzangu jeneza lako lilipotolewa mlangoni, nikawasikia wanaume wakipokezana kukubeba mpaka sauti zao zikapotelea upande wa makaburini. Yangu ni hii: mzima wa mwili, nakula, nakwenda kazini, na nina hasira ambayo sijui niiweke wapi. Nyingine ni juu yangu mwenyewe. Nyingine ni juu ya ofisi. Na nyingine, Mungu anisamehe, ni juu yako.

Arobaini yako imepita. Zuhura mwanao amekaa mpaka tukamaliza hitma, kisha amefunga nyumba na kurudi kwa mumewe Nyamwage. Kuku wako wamegawanywa. Yule jogoo mkorofi nimepewa mimi, na hapa Kibiti majirani wameshaanza kunilalamikia. Jaruba lako limelala bure, na magugu yameshaota upande wa mtoni.

Nakuandikia kwa sababu kuna swali la mpunga wetu wa kilua uliloniuliza ukiwa hai na sikukujibu sawasawa. Uliniuliza, “Mwaju, debe langu moja limekiuaje kilua cha watu wote?” Nikakwambia ni mambo ya kompyuta. Nilisema vile kwa woga. Hayakuwa mambo ya kompyuta hata kidogo, na wewe uliyajua kabla yangu. Sasa nakujibu, nimechelewa, na najua nimechelewa.

Unakumbuka nilivyoshuka kwenye boti ya Nyamisati mara ya kwanza nikiwa na kizibao cha mradi na kishikwambi mkononi. Ulikishika kile kishikwambi, ukakigeuza huku na huku, ukauliza kama kinapepeta. Nikakueleza kazi yangu. Baada ya yale mafuriko makubwa, ofisi yetu ilitaka kuweka ndani ya mtambo wa kompyuta yale mnayoyajua nyinyi wakulima wa delta: mpunga gani unavumilia maji ya chumvi, upi unakomaa mapema, upi unafaa jaruba la juu na upi la chini. Mtambo ukishajua, ungeulizwa, nao ungejibu watu wa kijijini kwenu Maparoni wapewe mbegu gani. Ulicheka ukasema, “Si waniulize mimi tu?” Nikacheka na mimi. Laiti ningekusikia.

Ndani ya mtambo kuna visanduku na mishale. Kisanduku kimoja kimeandikwa Mpunga. Chini yake vipo visanduku vya aina za mpunga, na kila kimoja kina mshale unaopanda kwenda kwenye Mpunga. Maana yake ni kwamba kila kilicho cha aina hii ni mpunga pia, bila kubakiza. Kisha upo mshale wa pili, mwingine kabisa. Huo ni wa kitu kimoja kinachoshikika: debe lile, gunia lile la kwa fulani. Mshale huu unasema kitu hiki ni kimojawapo katika aina ile, basi. Yaliyo ya aina humshukia kila mmoja wake. Kilua kinanukia, kwa hiyo kila debe la kilua linanukia. Lakini ya mmoja hayapandi juu kuwa ya aina. Debe likitota, limetota debe.

Mwalimu wetu kule Dar alitufundisha kwa mto wetu wenyewe. Alisema Rufiji ni mto, lakini Rufiji si aina ya mto, maana huwezi kwenda mahali ukakuta rufiji tatu zinatiririka sambamba. Ukitaka kujua kama kitu ni aina, jiulize kama kinaweza kuwa na wengine ndani yake. Darasa zima tuliandika. Katika mtihani nilipata alama za juu kuliko wote, Shangazi. Nakwambia ili ucheke.

Wewe ulinifundisha jambo hilohilo bila ubao. Nilikuwa na miaka tisa, tunaishi kwenye dungu, kile kibanda cha miguu mirefu katikati ya majaruba, tukilinda mpunga. Kiboko akaingia akakanyaga na kula ukingo mzima wa jaruba lako. Wakaja askari wa wanyamapori na bunduki, wakasema watampiga kiboko mmoja ili wengine washike adabu. Majirani wakafurahi. Wewe ukajishika kiuno: “Mnanipigia kiboko yupi? Aliyenilia mimi ana sikio lililochanika. Mkinipigia mwenye masikio mazima mtakuwa mmeua asiye na kosa.” Mmoja wa wale askari akasema viboko wote ni walaji wa mpunga. Ukamjibu, “Kula mpunga ni kwao wote, sikatai. Kula mpunga wangu juzi ni kwa yule.” Walizunguka kutwa hawakumwona mwenye sikio lililochanika, wakaondoka, na watu wakakununia kwa kuwanyima kisasi chao. Mimi nilikaa juu ya dungu nikichezesha miguu nikaona nina shangazi mwenye akili kuliko wanaume wote wenye bunduki.

Sasa nieleze nilivyofanya.

Siku ile ya kizibao nilikuomba mbegu ya kilua twende tukaipime kama inaota. Hapakuwa na mpunga uliotakiwa kuingia kwenye mtambo kuliko huo. Maganda mekundu, punje nyembamba, na ukipikwa harufu inafika njiani. Lakini harufu siyo iliyotupeleka kwako. Bamvua likipanda na maji ya chumvi yakaingia majarubani, mpunga mwingine huungua kuanzia ncha za majani, kilua kinanywea siku mbili tatu kisha kinainuka. Kwa delta yetu hiyo ndiyo tofauti ya kula na kulala njaa. Uliingia ndani, ukakaa kidogo, ukatoka na bakuli, ukanikabidhi kwa mikono miwili na maneno matamu.

Maneno matamu yale yalitakiwa kunistua. Katika nyumba yetu, tangu enzi za bibi, mbegu ya kupandia haitoki nje kabla mwenye nyumba hajapanda. Ikitoka inaondoka na baraka ya shamba. Lakini mgeni naye hanyimwi. Ndiyo maana kila nyumba ina debe la mgeni, mbegu za zamani zilizobaki msimu hadi msimu, na anayeomba mapema hupewa humo. Anayepokea anajua, anashukuru, na baada ya kupanda anarudi kupewa ya kweli. Hakuna anayedanganywa, kwa sababu sote tunajua.

Na mimi nilijua! Nimelelewa humo ndani. Nimewahi kutumwa na wewe kumpelekea jirani bakuli la debe la mgeni, na ulinikanya nisicheke nikifika. Lakini siku ile nilikuwa nimevaa kizibao, na kizibao kikanifanya mjinga. Nilibandika lebo kwenye mfuko, nikaandika jina lako na la kijiji, nikakushukuru kwa Kiswahili cha ofisini. Uliniangalia muda mrefu kidogo. Sasa naelewa kwamba ulikuwa unangoja niulize, “Na ya kweli nije lini?” Sikuuliza. Na wewe, kwa nini hukusema? Mimi si mgeni. Hilo linanichoma mpaka leo, kwamba ulinitazama ukaona mgeni.

Tulizitandaza punje mia moja juu ya kitambaa kibichi. Baada ya siku kadhaa chache tu zilikuwa zimechungulia, nyingine zote zimeota ukungu. Nikatakiwa niandike majibu. Fomu ya majibu ilitengenezwa na mtu mwenye haraka, ilikubali kupokea majibu ya aina tu, debe moja halikuwa na pa kuandikwa. Nilijua si sawa. Nilikaa nikiiangalia ile fomu na niliusikia kabisa ule mfano wa rufiji tatu kichwani. Badala ya kusimama na kusema fomu irekebishwe, nililigeuza debe lako kuwa aina. Nikaliita Kilua cha Maparoni, nikalichorea mshale wa aina, nikaandika chini yake: hakioti. Nikajiambia nitarudi kurekebisha nikipata nafasi.

Nafasi haikupatikana. Wiki iliyofuata mkuu wetu, Bwana Lusekelo, alikuwa anasafisha orodha. Ulimwona kwenye mkutano wa kijiji, yule mrefu wa Mbeya mwenye miwani. Si mtu mbaya, ni mtu anayependa orodha fupi. Akakuta kuna Kilua na kuna Kilua cha Maparoni, akaona ni kitu kimoja kimeandikwa mara mbili, akaviunganisha. Mimi nilikuwa meza ya pili nakula kitumbua. Aliniuliza bila kugeuka kama ni sawa. Nikasema, “Sawa mkuu.” Nilikuwa na mafuta vidoleni, sikutaka kushika kompyuta.

Ndivyo debe lako lilivyokiua kilua cha watu wote. Ukungu wa debe moja ukapandishwa juu ukawa sifa ya aina nzima, na ulipokwisha kufika juu ukashuka kwa kila mwenye kilua delta yote, hata wale ambao hatukuwahi kugusa mbegu zao. Mtambo haukukosea. Uliambiwa kilua hakioti, ukafuata mishale kama ulivyofundishwa. Ulipoulizwa Maparoni wapewe mbegu gani, ukataja mpunga mfupi wa kisasa, na ofisi ikauleta kwa magunia.

Mkutano ule wa kijiji naukumbuka kuliko harusi yangu. Bwana Lusekelo alisoma majina ya mbegu zisizofaa, na alipofika kwenye kilua ukasimama. Hukuomba ruhusa kwa mwenyekiti. “Kilua kipi?” ukauliza. Akasema kilua chote, mama, vipimo vimeonyesha. Ukasema, “Mimi nimewapa debe, mnanirudishia ukoo mzima umekufa?” Watu wakaangua kicheko. Bwana Lusekelo naye akatabasamu, akaendelea kusoma. Mimi nilikuwa mbele, nimekaa kwenye kiti cha plastiki pamoja na wakubwa, na nikainamia kishikwambi kana kwamba kuna ninachokisoma. Nisingekuwa mtu wa ofisi, ningekuwa nimesimama karibu yako.

Baada ya mkutano ulinivuta kando nyuma ya zahanati. “Ile ilikuwa ya debe la mgeni, mwanangu,” ulisema. “Nilidhani utarudi kuchukua ya kweli kabla ya kupima. Nenda kakitoe kilua kwenye aibu.” Nikakuuliza mbona hukusema mbele ya watu. Ukanijibu huwezi kusimama mbele ya wanaume wa kijiji kizima useme umewapa watu wa mradi mbegu mbovu. Uliona haya. Shangazi, wewe uliyewasimamisha watu wenye bunduki kwa ajili ya kiboko, uliona haya kwa ajili ya bakuli! Ungeona haya dakika moja tu, watu wangecheka, yangekwisha. Nimelirudia hilo mara nyingi nikiwa nafua, nikiwa napika, na kila mara nakukasirikia upya.

Lakini hasira hiyo haifiki mbali, kwa sababu zamu yangu inafuata. Nilikuahidi pale pale nyuma ya zahanati kwamba nitarekebisha. Jumatatu nikamweleza Bwana Lusekelo. Akasikiliza, akasema taarifa imeshapelekwa juu, tukianza kubadilisha sasa tutaonekana hatujui tunachofanya, tutapitia upya msimu ukiisha. Mkataba wangu ulikuwa unakwisha mwezi ule. Nikasema sawa mkuu kwa mara ya pili. Uliponipigia simu kuuliza, nilikwambia ni mambo ya kompyuta, yanachukua muda.

Msimu ukaenda. Watu walipanda mpunga wa ofisi, na kilua walichokuwa wameweka wakakikoboa wakala, kwani mbegu isiyoota ni chakula tu, tena kitamu. Wewe hukupanda chochote. Kifua kilikuwa kimekubana, hukuweza kushika jembe wala kupanda dungu, ukasema utapanda mwakani. Debe lako la kweli ukaliziba kifuniko kwa nta, ukaliweka juu ya uchaga. Nililiona siku nilipokuja kukutazama. Ulikuwa umelala kwenye mkeka, ukalinyooshea kidole, ukasema, “Lile ndilo.” Nikaitikia kwa kichwa. Tukazungumza habari nyingine, na ulinilazimisha nile ndizi.

Kisha bamvua likaja na upepo wa baharini, maji ya chumvi yakafika mpaka majaruba ya juu. Mpunga wa ofisi uliungua wote. Nilipita na kishikwambi kupiga picha, na mama mmoja akaniuliza bila ukali wowote kama kilua nacho kingekufa. Nilimjibu kwamba sijui. Nilijua.

Wiki tatu baadaye Zuhura akanipigia simu asubuhi kwamba umefariki.

Nilifika mchana. Walikuwa wamekwisha kukuosha, wanakuvika sanda. Nikalia, nikalia mpaka wanawake wakanishika mabega. Baada ya maziko nikakalishwa ukumbini kwenye mkeka, tukaletewa sinia la wali na mchuzi wa samaki. Sikuwa na njaa, lakini kususa chakula cha msiba ni kukususa wewe, nikanawa. Tonge la kwanza lilipita tu. Tonge la pili pua ikaniambia. Nilishusha mkono. Nikaunusa. Nikamtafuta Zuhura kwa macho, nikamwona anapita na jagi la maji, nikamwita.

“Watu wamekuwa wengi, mchele wa dukani ulituishia,” aliniambia. “Nikashusha lile debe lililozibwa, tukatwanga. Si wewe mwenyewe uliyesema kilua hakioti?”

Alisema kwa upole kabisa. Hakukusudia kunichoma. Alikuwa na macho mekundu ya kukulilia, mikono imechubuka kwa mchi, na alikuwa anajivunia kidogo kwamba mazishi ya mama yake hayakukosa wali. Nilimwambia amepika vizuri. Halafu nikamalizia chakula changu. Nilikula, Shangazi. Tonge baada ya tonge nilikula mbegu yako pamoja na wanawake wengine kumi kwenye sinia lile, na wote wakasifu harufu, wakasema marehemu alikuwa na mkono wa baraka.

Watu walipotawanyika nilikwenda nyuma ya jiko. Debe lilikuwa limeshaoshwa, limepinduliwa juani. Nilipiga magoti chini ya kinu nikapekua pumba kwa vidole, nikitafuta hata punje tano zilizoruka bila kutwangwa. Kuku walikuwa wamenitangulia. Nilipata punje mbili, zote zimepasuka. Bi mmoja akanikuta pale akadhani nimepotewa na hereni, akainama kunisaidia kutafuta. Nilimwacha atafute.

Niliporudi Kibiti sikumuuliza mtu. Nilifungua mtambo nikaviachanisha vile visanduku. Kilua nikakirudishia mshale wake wa kwenda kwenye Mpunga na sifa zake zote ulizonitajia. Debe la mgeni nikalichorea mshale wake wa haki, ule wa kimojawapo, nikaandika kwamba ni debe moja la Bi Somoe, la zamani, lililoota ukungu, na kwamba bakuli tulilopewa lilikuwa la mwisho, likaishia kwenye vipimo. Neno hakioti nikaliondoa kwenye aina nikaliacha kwenye debe, mahali lilipopaswa kuwa tangu mwanzo. Nilikuwa nimemimina chai kabla ya kuanza. Nilipomaliza ilikuwa bado ya moto. Kazi yote ilikuwa ya muda huo tu.

Kisha nikauuliza mtambo maswali. Kilua kinaota? Ndiyo. Kinavumilia chumvi? Ndiyo. Maparoni wapewe mbegu gani? Kilua. Kilua kiko kwa nani? Ikaja orodha isiyo na mstari hata mmoja.

Nilidhani mtambo utalalamika. Nilikuwa nangoja maandishi mekundu, kengele, chochote cha kusema hapa kuna kosa kubwa. Haukusema kitu. Nilisahau kwamba tulifundishwa hivyo pia: aina inaruhusiwa isiwe na hata mmoja ndani yake. Yote yaliyoandikwa juu yake yanabaki kuwa kweli. Nilikiangalia kile kisanduku kimekaa sawasawa, kimeandikwa vizuri, mshale wake umenyooka, na kwa mara ya kwanza tangu ufe niliona kwamba umekufa kweli.

Nimezunguka. Usidhani nimekaa. Nimekwenda nyumba kwa nyumba Maparoni, siku nne. Wote wananipokea vizuri, wote wananipa pole, wote walikila au kilichukuliwa na maji. Hakuna aliyenilaumu, na ingekuwa afadhali wangenilaumu. Wameniambia yuko bibi mmoja ng'ambo ya daraja la Ndundu aliyeolewa akitokea kwetu zamani na mbegu zake kwenye khanga. Hawakumbuki jina la kijiji wala kama yu hai.

Bwana Lusekelo nilimweleza yote. Alivua miwani, akaniambia pole sana, na naamini ilitoka moyoni. Alikaa siku mbili mnyonge. Siku ya tatu akaniita akasema wageni wa mradi wanakuja kutoka Dar, wamesoma kwenye mtambo kwamba kipo kilua kinachovumilia chumvi, wamefurahi sana, wanataka kukiona. Akaniambia nitafute mpunga wowote wenye maganda mekundu, tujaze gunia moja, tubandike lebo, tuupige picha. Kisha niuandike kwenye ile orodha tupu ili isionekane vibaya. Alisema nani atajua.

Nilimwambia hapana. Alidhani hakusikia, nikarudia. Hapana mkuu. Ameniambia tutazungumza Jumatatu, yaani kesho, na mlango wake ulifungwa taratibu kuliko kawaida.

Nimekuwa mkali kwako katika barua hii. Nisamehe, nami nimekusamehe bakuli lile. Nilikupenda kuliko ninavyoweza kuandika, na ulikuwa mwenye haki kwa viumbe wote isipokuwa siku ile moja ulipoona haya. Mimi siku zangu ni nyingi.

Naahidi hivi. Nitavuka Ndundu nikamtafute yule bibi, na wengine kama yeye waliobeba mbegu kwenye khanga, kijiji kwa kijiji, wanifukuze kazi wasinifukuze. Nikikipata nitakipanda kwenye jaruba lako kwa mkono wangu. Nisipokipata, sitaweka kitu kingine mahali pake. Wakinitoa, nitamwomba atakayekaa kwenye kiti changu asiweke. Mtu akifungua mtambo huko mbele atalikuta jina la kilua na kila sifa uliyonitajia. Atauliza kiko kwa nani, na hataona kitu, na namtaka akae hapo kidogo, ashangae, aulize nani alikimaliza. Chini ya orodha nimeliandika jina langu.

Mwenyezi Mungu akupe kauli thabiti, Shangazi, na nuru huko uliko.

Mwajuma, mtoto wa kaka yako